Kabla ya Kuwasha Projekta

Mwalimu mwenzangu akinijia na swali la "nianze na programu gani?", simtajii programu. Namuuliza kwanza: katika mada unayofundisha wiki hii, ni wapi wanafunzi hukuitikia "tumeelewa, mwalimu" halafu kwenye mtihani wanaandika maajabu? Pa kuanzia ni hapo. Nimefundisha sayansi na hisabati kwa miaka ya kutosha kuona vifaa vikipokelewa kwa shangwe na baadaye kulala kabatini, na kilichotenganisha vinavyotumika na vinavyolala hakikuwa bei wala uzuri wa picha zake. Vilivyobaki mezani kwangu vinafanya kazi moja: vinanionyesha mwanafunzi anawaza nini mapema, nikiwa bado na dakika za kumsaidia. Vile vya kunifanya mimi nionekane mtaalamu mbele ya darasa vilichuja haraka.

Cha kwanza kunibadilishia ufundishaji kilikuwa karatasi. Programu yenyewe inaitwa Plickers, lakini wanafunzi wanachokishika ni kadi iliyochapwa kwenye karatasi ya kawaida. Kila mmoja ana kadi yake yenye namba. Katikati pana mchoro mweusi wa miraba unaofanana kidogo na msimbo wa QR, na kwenye pande nne zimeandikwa herufi ndogo A, B, C na D. Swali likishaonyeshwa, mwanafunzi anaigeuza kadi hadi herufi ya jibu lake ikae juu, anaiinua, nami napitisha kamera ya simu yangu taratibu kutoka madawati ya mbele hadi ya nyuma. Simu inazisoma zote na kunipa orodha ya nani kajibu nini. Mwanafunzi hahitaji simu, kompyuta wala neno la siri. Herufi ni ndogo kwa makusudi na michoro inatofautiana kadi kwa kadi, kwa hiyo kumchungulia jirani ni kazi bure. Seti kubwa ina kadi 63. Darasa likizidi hapo wawili hutumia kadi moja, na ubishi wao kabla ya kuiinua ni faida ya ziada.

Nikupe mfano wa swali moja. Pana betri na balbu mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Mkondo wa umeme ukishapita balbu ya kwanza, unakuwaje kabla ya kuingia ya pili? A: umeongezeka. B: umepungua. C: ni uleule. D: umekwisha. Muda mfupi kabla ya hapo darasa zima lilikuwa limetamka kwa sauti moja kwamba katika saketi ya mfuatano mkondo ni sawa kila mahali. Kadi zilipoinuliwa, waliochagua C walikuwa kama theluthi moja. Waliobaki karibu wote walikuwa B, wakiwemo wawili watatu ambao madaftari yao ndiyo huazimwa na wenzao wakati wa kujisomea. Majina niliyaona mimi peke yangu kwenye simu. Jambo hilo lina uzito wake, maana mtoto aliyekosa hakuchekwa na mtu, na kesho yake ataiinua kadi bila woga.

Sikutoa jibu. Niliwaambia kila mmoja amtafute jirani aliyechagua tofauti na yeye, amshawishi. Kelele zikapanda, zile za aina ninayoipenda. Nikasogea karibu na dawati la dirishani.

"Balbu ya kwanza imeshakula umeme wake. Utabakije uleule?"

Mwenzake akafikiri kidogo. "Haya, imekula. Hizo elektroni ilizokula zimekaa wapi? Balbu si ingejaa?"

Yule wa kwanza akacheka, akanyamaza, kisha akaanza kuigeuza kadi yake kabla sijaomba kura ya pili. Mimi nisingeweza kulisema vizuri namna ile. Kosa lao lina mantiki, maana kweli kuna kitu kinachotumika pale. Kinachotumika ni nishati, wakati mkondo wenyewe hauliwi na mtu. Mwanafunzi mwenzao, aliyetoka kwenye kosa hilohilo dakika moja iliyopita, anajua hasa pa kushika. Mwalimu amelisahau kosa hilo zamani.

Mbinu hii ina mwenyewe. Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufundisha hivi mwaka 1991 baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu ilhali wakishindwa maswali ya msingi ya dhana. Mwongozo wake ni rahisi kuushika: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, wape nafasi ya kujadiliana. Wakiwa chini ya hapo hakuna wa kumsaidia mwenzake, rudi ubaoni. Wakiwa juu ya hapo, eleza kwa kifupi uendelee. Mimi nimeuona ukweli wa mpaka wa chini hasa. Nikilazimisha mjadala wakati karibu kila mtu kakosa, wanashawishiana upotofu kwa ufasaha wa kutisha.

Kura ya pili ilipoisha ndipo nikawasha projekta. PhET ni mkusanyo wa maigizo ya kisayansi ya kwenye kompyuta, ulioanzishwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Ni ya bure, mengi yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na yale ya sasa yanapakuliwa kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Nikaweka betri ya volti 9 na balbu mbili za omu 10 kila moja, nikaweka ammita, yaani kipimo cha mkondo, kabla ya balbu ya kwanza: ampea 0.45. Nikaihamishia katikati: 0.45. Nikaipeleka mwisho: 0.45. Hapo kuna mtoto aliyepiga dawati kwa furaha kana kwamba timu yake imefunga.

Furaha ile ilitokana na yeye kuwa ameshaweka msimamo. Igizo hilohilo, nilipolionyesha kwenye darasa jingine mwanzoni mwa kipindi bila kuwauliza kitu, waliliangalia kwa adabu, wakaandika "mkondo ni sawa" kwenye madaftari, na nadhani wengi waliendelea kuamini kwamba balbu inakula umeme. Kifaa ni kilekile na namba ni zilezile. Mpangilio ndio uliotofautiana, na tangu hapo kwenye andalio langu la somo mstari wa "wanafunzi watabashiri" unatangulia mstari wa "mwalimu ataonyesha", na simruhusu mtu kubashiri mdomoni tu. Ubashiri unaandikwa, kwa kalamu ya wino.

Wapo wanaosema igizo linatosha, vifaa halisi ni usumbufu. Sikubaliani nao. Kwenye kioo elektroni zinaonekana zikitembea kama vidoti vya buluu, jambo ambalo meza ya maabara haitatupa kamwe, lakini kwenye meza ammita mbili za shule hazikubaliani, waya unalegea, betri iliyochoka inashuka volti mara mzigo unapoongezeka. Mwanafunzi anayeuliza "mbona hii inasoma 0.43 na ile 0.46?" ameanza kufanya sayansi. Nikipata nafasi, nafanya yote mawili kwa siku moja, igizo likiwa upande mmoja wa chumba na waya halisi upande mwingine.

Upande wa hisabati, programu ya GeoGebra imenifaa kwa namna inayokaribiana na hiyo. Markus Hohenwarter aliianzisha mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, na hadi leo walimu wanaitumia darasani bila malipo. Siri yake ni kitelezi: unaandika y = ax², programu inakutengenezea kitufe cha kuvuta thamani ya a, na grafu inapanuka au kubana machoni pako. Hatari yake pia ni kitelezi. Mwalimu anakivuta kulia na kushoto, darasa linaguna "aaah", kipindi kinaisha. Ninachofanya ni kukivuta hadi a = 1, kusimama, na kuwaambia wachore kwenye daftari grafu itakavyokuwa a ikiwa 3, kisha ikiwa nusu, kisha ikiwa hasi. Wengi huchora grafu ya 3 ikiwa pana zaidi, kwa sababu namba ni kubwa zaidi. Nisingelijua hilo kwa kuvuta kitufe peke yangu. Baada ya michoro yao ndipo kitelezi kinasogea, na guno linalotoka ni la namna nyingine kabisa.

Nisiwachoshe na hesabu. Nirudi kwenye umeme, safari hii ule wa ukutani.

Mwalimu anayetegemea mtandao uwe hewani saa nne kamili asubuhi, mbele ya wanafunzi wote, anacheza kamari. Sheria yangu ni kwamba kitu chochote kisichoweza kufunguka nikiwa nimezima mtandao kwenye kompyuta yangu mpakato hakiingii kwenye kipindi mpaka kiwe na mbadala wa karatasi. Hapo ndipo Kolibri ilipoingia kazini kwangu. Imetengenezwa na shirika lisilo la kibiashara la Learning Equality, lililoanza mwaka 2012 kwa programu ya kubeba nje ya mtandao masomo ya Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, na Kolibri yenyewe ikatoka mwaka 2017. Unaiweka kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi, unapakua masomo unayoyataka mara moja mahali penye mtandao mzuri, halafu vifaa vingine vinaunganishwa nayo kwa ruta ya kawaida isiyo na mtandao wowote. Ndani yake kuna video, mazoezi yanayojisahihisha, vitabu vya hadithi na hata maigizo ya PhET. Mimi nilichokipenda zaidi ni ukurasa wa mwalimu, unaonionyesha nani amekwama kwenye zoezi gani na amejaribu mara ngapi.

Kiwix nayo, iliyoanza mwaka 2007, inakuwezesha kuibeba Wikipedia nzima kwenye diski. Ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi GB 100, kwa hiyo andaa diski kubwa. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye flashi bila shida. Ushauri mmoja ambao hakuna mtu aliyenipa: jaribu kila kitu kwenye kompyuta ileile utakayoitumia darasani, ikiwa imeunganishwa na projekta ileile. Kompyuta ya nyumbani ni mnafiki. Kila kitu kinafunguka pale, halafu ukifika darasani kivinjari ni cha kale, spika hazitoi sauti na kebo ya HDMI haina pa kuingia.

Hapa nataka kusema neno kuhusu wingi wa vifaa, maana wapo wakuu wa shule wanaoamini kwamba tatizo litaisha siku kila mtoto akiwa na kompyuta yake. Peru ilijaribu jambo hilo kwa upana kuliko karibu nchi nyingine yoyote, kupitia mpango wa One Laptop per Child. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walilinganisha shule za msingi 319 za vijijini, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2012 yakaonyesha kwamba idadi ya kompyuta iliruka kutoka 0.12 hadi 1.18 kwa kila mwanafunzi, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda kwa kiasi cha kuonekana. Kompyuta zilifika na watoto walizitumia, ila masomo yaliendelea kufundishwa vilevile. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inagusa donda lilelile kwa upande wa wauzaji: nchini Uingereza ni asilimia 7 tu ya kampuni za teknolojia ya elimu zilizokuwa zimefanya majaribio ya kulinganisha makundi yaliyopangwa kwa nasibu. Kwa hiyo mtu akija ofisini na tableti zinazong'aa na kusema "utafiti unaonyesha", muulize utafiti gani, wa nani, na ulilinganisha nini na nini. Swali hilo peke yake hufupisha mikutano mingi.

Sasa nikitaje kifaa ambacho kimenisaidia kuliko vyote hivyo, ingawa hakuna anayekionea fahari: lahajedwali. Kwa miaka mingi nilikuwa naingiza alama za mtihani kama jumla. Fulani 62, fulani 48. Jumla inakwambia nani wa kwanza na nani wa mwisho, basi. Siku hizi, kwa mitihani ya kati, naingiza swali kwa swali. Majina yanashuka upande wa kushoto, namba za maswali zimepangwa kwenye mstari wa juu, na kwenye kila kijumba kuna 1 kwa aliyepata na 0 kwa aliyekosa. Chini kabisa fomula inajumlisha waliopata kila swali, na nimeiwekea rangi ijigeuze nyekundu wakiwa chini ya nusu. Programu ya LibreOffice inafanya yote haya bure.

Ukiitazama karatasi hiyo kwa dakika tano utaona mambo ambayo kusahihisha usiku kucha hakukuonyeshi. Unaona maswali mawili ya mada ileile, moja la maneno na moja la namba, la namba likiwa limepatwa na karibu kila mtu na la maneno likiwa jekundu tupu. Hapo shida si hesabu, ni kusoma. Unaona kundi la wanafunzi sita waliokosa maswali yaleyale matatu, na hao unaweza kukaa nao wakati wengine wanafanya zoezi, badala ya kurudia mada nzima kwa darasa lote. Nikipanga majina kutoka mwenye alama nyingi hadi mwenye chache, kuna kitu kingine kinajitokeza: swali ambalo walio juu wamekosa na walio chini wamepata. Swali la namna hiyo mara nyingi lina kasoro lenyewe. Aliyefikiri sana aliona maana ya pili iliyojificha kwenye sentensi, aliyefikiri kidogo akapita nayo ya kwanza. Nalifuta, nawarudishia alama, na nawaeleza kwa nini. Wanafunzi huheshimu sana jambo hilo.

Karatasi hiyohiyo ndiyo inayonipangia maswali ya kuamkia. Kila kipindi changu kinaanza na maswali manne ubaoni: mawili ya kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, madaftari yakiwa yamefungwa. La mwezi uliopita nalichukua kutoka kwenye rangi nyekundu. Msingi wake ni wa zamani. Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 vipimo vyake vya jinsi kumbukumbu inavyochuja kadiri siku zinavyopita, na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wakaonyesha jambo ambalo kila mwanafunzi anayerudia kusoma daftari lake angepaswa kuambiwa. Waliosoma tena matini walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Waliojipima bila kuangalia waliwapita walipopimwa baada ya siku 2, na tena baada ya wiki. Kusoma tena kunampa mtu raha ya kudhani anajua.

Kuna michezo mingi ya maswali ya kwenye simu na kompyuta inayoweza kufanya kazi hii, na watoto wanaipenda. Mimi huzima saa kila inapowezekana. Alama zikitolewa kwa kasi, anayewaza taratibu anajifunza kubahatisha, na nafasi za juu zinashikwa na watu walewale kila Ijumaa. Majedwali, istilahi na tarehe, sawa, washindane. Swali lenye hatua tatu za kufikiri halina haja ya muziki wa kuhesabu sekunde.

Video nitaisemea kwa ufupi. Ya dakika 10 naikata ibaki dakika 3. Naizima sauti mara ya kwanza na kumwita mwanafunzi aje atangaze kinachoendelea, moyo unavyosukuma damu au volkano inavyolipuka, halafu mara ya pili tunasikiliza mtaalamu na kulinganisha. Wanaotangaza huwa wachekeshaji, na kila anayecheka anakuwa amefuatilia.

Simu yangu, mbali na kusoma zile kadi, hufanya kazi moja ambayo naona walimu wengi hawajaigundua. Naiegemeza kwenye rundo la vitabu, kamera ikitazama chini, naiunganisha na projekta, na chini yake naweka daftari la mwanafunzi. Darasa zima linaona mwandiko wa mwenzao, ukokotoaji wake, mahali alipofuta na kuandika tena. Naomba ruhusa kwanza, siku zote, na ninachagua daftari lenye kosa zuri, yaani lile ambalo watu wengi wamelifanya na lina fikra ndani yake. Swali langu halibadiliki: "Huyu aliwaza nini hadi akafika hapa?" Sitaki waniambie jibu sahihi ni lipi, na wakitaka kuliruka swali nawarudisha. Mwenye daftari anakaa kimya, anasikiliza watu wakiitetea akili yake.

Kuhusu haki za kunakili, walimu tuna tabia ya kuchota popote. Afadhali kuzijua leseni za Creative Commons, kwa sababu zinakupa uhuru mkubwa kuliko wizi wenyewe. CC BY inakuruhusu kutumia, kukata na kutafsiri mradi umtaje mwenye kazi. Ikiongezwa SA, utakachotengeneza nacho kitoke kwa leseni ileile. NC inakataza biashara. ND inakataza kubadilisha, na kwa anayetaka kutafsiri kwa Kiswahili hiyo ni sawa na mlango uliofungwa, kwa hiyo itazame kabla ya kuanza kazi. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa mwaka 2014, una vitabu vingi vya watoto vya CC BY katika lugha nyingi za Afrika, na unaweza kukichukua kimoja, ukakirahisisha kwa ajili ya wanaosoma kwa kusuasua, ukakichapa. UNESCO ndiyo iliyozipa kazi za namna hii jina la rasilimali huria za elimu mwaka 2002, na mwaka 2019 nchi wanachama wakapitisha pendekezo la kuziunga mkono.

Na akaunti za watoto? Natumia vifaa ambavyo mwanafunzi hahitaji kujisajili. Kikilazimisha, naandika namba ya kadi badala ya jina. Huduma nyingi zina umri wa chini wa miaka 13, na sioni sababu ya jina la mtoto, picha yake na alama zake za hisabati kukaa kwenye seva ya mtu nisiyemjua ili tu nifurahie grafu ya rangi.

Nimeiacha akili bandia hadi mwisho kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana na ndiyo niliyonayo uzoefu mchache zaidi. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 nimekuwa nikiitumia na nyingine za aina yake kuandaa rasimu za maswali. Inanitolea maswali kumi haraka kuliko ninavyomaliza kunoa penseli, na katika kumi hayo kwa kawaida nabakiza machache. Majibu potofu inayoyatunga hayana sumu. Yanakosea kwa namna ambayo hakuna mtoto anayekosea. Hilo la "balbu imekula umeme" lilitoka kwenye madaftari, na madaftari yangu bado ni ghala bora kuliko mashine. Ninachofanya siku hizi ni kuyaandika makosa halisi niliyokusanya kisha kuiomba itunge maswali mapya yanayoyatega, na hapo kazi yake inapanda daraja. Kila jibu nalikokotoa mwenyewe kabla halijafika ubaoni.

Upande wa wanafunzi kuitumia kuandikia kazi za nyumbani, sijisumbui na programu za kunusa maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa ya kwao na kuiondoa Julai 2023 kwa sababu ya usahihi wake mdogo, na kumtuhumu mtoto kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma. Nimegeuza zoezi. Naichapa insha au ukokotoaji uliofanywa na mashine, nafuta jina, nawagawia pamoja na kalamu nyekundu na mwongozo wa kusahihishia. Kila kikundi kinatoa alama na kutetea kila alama iliyokatwa, na mimi nikitaka kujua nani ameielewa mada nasikiliza utetezi. Mara ya kwanza waliitolea mashine alama zote kwa sababu Kiswahili chake kilinyooka na hatua zake zilipangika. Siku hizi ni wakali hadi mimi ndiye wakili wake. Juzi kikundi kimoja kiligoma kunirudishia karatasi mpaka nikubali kukata alama mbili: mashine ilipata namba sahihi na haikuandika kizio.